Robo ya Tano: Mila za Mezani katika Tratoria za Roma

Jijini Roma chakula kina kalenda yake. Alhamisi hupikwa nyoki, vitonge vidogo vya viazi na unga vinavyochemshwa kisha vikamwagiwa mchuzi. Ijumaa ni zamu ya dengu na samaki mkavu wa chumvi. Jumamosi ni utumbo wa ng'ombe. Waroma wameufanya mpangilio huo kuwa msemo, na hadi leo ubao wa chaki unaosimamishwa mlangoni pa tratoria nyingi, mikahawa midogo ya mtaani, huufuata. Sababu zake ni za zamani na zinaeleweka. Ijumaa Kanisa Katoliki lilikataza nyama, hivyo siku iliyotangulia watu walikula kitu kizito cha kuwashibisha. Jumamosi walichinjwa wanyama wa meza za Jumapili za wenye nacho, na matumbo ya wanyama hao yakapatikana kwa bei ya chini. Mgeni anayeagiza nyoki siku ya Jumanne hafukuzwi. Huambiwa kwamba leo hazipo, na mwenye kumwambia haoni haja ya kuomba radhi.

Mimi naiona tratoria kuwa nyumba ya pamoja ya mtaa. Wageni wengi huzilalamikia kanuni zake: saa za kufungua, mpangilio wa sahani, vyakula visivyochanganywa, kahawa inayokataliwa kuletwa mapema. Huziona kuwa ukaidi. Nimekaa kwenye meza hizo za kutosha kuamini kinyume chake, kwamba kanuni hizo ndizo zinazomwezesha mtu asiyefahamiana na yeyote kuketi katikati ya wenyeji kwa saa mbili na kuondoka akiwa amehesabiwa miongoni mwao.

Ukubwa wa tratoria kwa kawaida haupiti vyumba viwili. Meza zimebanana hata mhudumu hupita kwa ubavu, na ukiketi utasikia, upende usipende, jirani yako akimlalamikia dada yake juu ya kodi ya pango. Kitambaa cha meza ni karatasi nene. Ukutani kuna picha ya timu ya Roma, picha ya babu aliyeanzisha biashara, na pengine picha ya Papa. Mwenye mali yupo, na kuwapo kwake ndiko kunakotofautisha mahali hapa na mikahawa mingine. Yuko jikoni, au mlangoni, au kwenye meza ya pembeni akimenya maharagwe kabla wateja hawajafika. Anamjua mzee anayekula peke yake kila mchana tangu afiwe na mkewe. Anajua ni meza gani anayoipenda, na hampi mtu mwingine meza hiyo.

Kuingia bila kusalimu ni kosa la kwanza. Unasema buonasera kwa watu wote waliomo, kisha unasimama hadi uonyeshwe pa kukaa, kwa kuwa kujichagulia meza katika nyumba ya mtu si adabu. Jiko hufunguliwa saa sita na nusu au saa saba mchana, hufungwa saa tisa, halafu hukaa kimya hadi saa moja na nusu au saa mbili usiku. Mpishi naye ana familia, na katikati ya mchana na usiku hupumzika. Kila tratoria ina siku yake ya kufungwa katika juma, na mwezi wa Agosti nyingi hufunga kabisa kwa wiki mbili au tatu kuzunguka sikukuu ya tarehe 15, kwa sababu mwenye nyumba amekwenda baharini pamoja na wateja wake.

Ili kuona mila hii ilikotoka, sikupeleki penye Colosseum wala chemchemi ya Trevi. Twende Testaccio, mtaa wa kusini mwa jiji, ukingoni mwa mto Tiber. Hapo pana kilima cha urefu wa mita 35 hivi ambacho Mungu hakukiumba. Kimejengwa kwa vigae vya mitungi. Enzi za dola ya Roma, mafuta ya zeituni yaliletwa kwa meli kutoka Uhispania na Afrika Kaskazini, yakashushwa bandarini karibu na hapo na kumiminwa. Mtungi uliobaki ulinuka mafuta yaliyochacha, haukufaa tena, ukavunjwa na vipande vyake vikapangwa juu ya vingine na kunyunyiziwa chokaa. Iliendelea hivyo kwa karne nzima na zaidi, kwa mamilioni ya mitungi. Baadaye sana watu waligundua kwamba hewa inayopita katikati ya vigae huyafanya mapango yaliyochimbwa ubavuni mwa kilima kuwa na ubaridi hata wakati wa kiangazi. Wakaweka mapipa ya mvinyo humo, wauza mvinyo wakaweka mabenchi nje, na baada ya mabenchi yakaja majiko. Mpaka leo kuna mikahawa ambamo unakula huku ukuta wa nyuma, uliofunikwa kwa kioo, ukikuonyesha vigae vya Warumi wa kale.

Kati ya mwaka 1888 na 1891 serikali ya jiji ilijenga machinjio makubwa chini ya kilima hicho. Aliyeyachora ni msanifu Gioacchino Ersoch, na yalikuwa miongoni mwa machinjio ya kisasa kabisa barani Ulaya kwa wakati wake. Pembeni yake zikaota nyumba za wafanyakazi, ghorofa zenye ua wa pamoja katikati, familia kubwa zikiishi katika vyumba vichache. Wachinjaji na wachuna ngozi hawakulipwa fedha tupu. Sehemu ya ujira wao ilikuwa zile sehemu za mnyama ambazo hazikupelekwa buchani: mkia, utumbo, maini, moyo, mapafu, bandama, kichwa, kwato.

Waroma huipa sehemu hiyo jina la robo ya tano, na huieleza hivi. Robo ya kwanza ya mnyama ilikwenda kwa makabaila, ya pili kwa makasisi, ya tatu kwa wafanyabiashara, ya nne kwa askari. Maskini waligawiwa kilichobaki baada ya robo nne kuisha, na kilichobaki kilikuwa kingi, kwani sehemu za ndani, kichwa na miguu zina uzito unaokaribia robo ya mnyama mzima. Mfanyakazi alibeba mgawo wake hadi nyumbani, au aliupeleka kwa mwenye kilabu cha mvinyo jirani na kumwomba mkewe aupike. Hivyo ndivyo jiko la Testaccio lilivyoanza, na jiko hilo likaja kuwa jiko la Roma yote.

Tazama mkia wa ng'ombe unavyopikwa. Hukatwa pingili kwa pingili, hukaangwa hadi ugeuke rangi, hutiwa mvinyo, kisha nyanya, kisha hufunikwa na kuachwa kwenye moto mdogo kwa saa nne au zaidi, mpaka nyama ianze kuachana na mfupa. Karibu na mwisho hutiwa seleri nyingi, na katika mapishi ya kale huongezwa zabibu kavu, kokwa za msonobari na chembe ya chokoleti chungu. Mapokeo ya mtaa yanampa sifa ya kuanzisha sahani hii mwanamke aliyeitwa Ferminia, wa familia yenye mgahawa wa Checchino, ulioanza mwaka 1887 na ulioko mkabala na machinjio. Mkia huliwa kwa mikono. Hata mtu aliyevaa suti huweka uma pembeni, hushika pingili kwa vidole viwili na kuinyonya, na hakuna anayemwangalia vibaya.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayeamkia supu ya utumbo hahitaji kuelezwa kwa nini watu wanaupenda mlo huu. Utumbo wa Kiroma hupikwa kwa nyanya na nanaa ya porini, kisha hunyunyiziwa jibini kali ya maziwa ya kondoo. Mgeni zaidi kwetu ni ule uitwao payata, utumbo mwembamba wa ndama ambaye bado ananyonya, unaopikwa ukiwa na maziwa yaliyokwisha kuanza kumeng'enywa ndani yake. Joto huyagandisha maziwa hayo yakawa laini kama jibini, na mchuzi wake humwagwa juu ya rigatoni, tambi nene zenye tundu. Mwaka 2001, kwa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku utumbo wa ng'ombe na ndama. Tratoria za Testaccio zikabaki na utumbo wa mwanakondoo, na wazee wakala huku wakisema sivyo. Marufuku ilipoondolewa mwaka 2015, magazeti ya Roma yaliandika habari hiyo kwa furaha ya wazi. Watu waliokuwa wameiwekea sahani moja nafasi kwa miaka kumi na minne walirudi kuidai.

Machinjio yenyewe yalifungwa mwaka 1975. Kumbi zake sasa hutumika kwa maonyesho ya sanaa, na sehemu nyingine ni ya wanafunzi wa usanifu wa majengo wa chuo kikuu cha Roma Tre. Ndoano za kutundikia nyama na reli zake bado zimo darini.

Mvinyo una adabu zake pia, nami nitazipita haraka. Zamani kilabu cha mvinyo hakikuwa na chakula. Watu walikuja na vifurushi vyao vya nyumbani, mkate, mayai, masalio ya jana, wakanunua mvinyo peke yake na kukaa mchana kutwa. Papa Sixtus V, aliyetawala kutoka 1585 hadi 1590, aliagiza mvinyo upimwe kwa chupa za kioo ili mnunuzi aone anachopewa. Leo vipimo ni vya robo lita, nusu lita na lita, na mvinyo wa nyumba, mara nyingi mweupe kutoka vilima vya Castelli kusini mashariki mwa jiji, huletwa kwenye jagi bila jina wala lebo. Asiyekunywa huagiza maji, na swali ni moja tu: yenye gesi au yasiyo na gesi.

Sasa mpangilio wa chakula, ambao ndio huwachanganya wageni. Hutangulia vitafunio vichache vya kufungua kinywa. Hufuata sahani ya kwanza, ambayo ni tambi, wali au supu. Ya pili ni nyama au samaki, peke yake kwenye sahani. Mboga huja kwa sahani yake na huagizwa kivyake. Kisha matunda au kitu kitamu, kisha kahawa, na baada ya kahawa kijiglasi cha kileo kichungu cha mitishamba kwa anayetaka. Tambi haziwekwi kando ya kipande cha nyama katika sahani moja, wala wali kando ya samaki. Mtu halazimiki kuagiza zote. Wenyeji wengi siku za kazi hula mbili tu. Lakini mfuatano hauvunjwi, na katika meza ya watu wanne hakuna anayeletewa sahani yake ya pili wakati mwenzake bado yuko kwenye ya kwanza. Mhudumu husubiri hadi uma wa mwisho uwekwe chini.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha mila hii. Kila sahani ina wakati wake, na wakati huo ni wa watu wote mezani. Mwenye haraka hungoja, na anayekula polepole hangojewi kwa macho. Kati ya sahani na sahani kuna nafasi tupu, na nafasi hiyo hujazwa na maneno: siasa, mpira, ugonjwa wa mama, mtoto aliyefeli hisabati. Nimeona vijana wanne wakikaa hivyo kwa saa mbili na nusu simu zikiwa mifukoni. Hakuna aliyewaambia waziweke. Mwendo wa chakula wenyewe uliwashughulisha.

Kanuni ndogondogo zinatokana na hiyo kubwa. Mkate huja bila siagi, kwa kuwa kazi yake ni kufuata mchuzi, na mwisho wa sahani unaruhusiwa, tena kwa mwenye jiko ni sifa, kuufuta mchuzi uliobaki kwa kipande cha mkate. Jibini haiwekwi juu ya tambi za samaki. Kapuchino ni kinywaji cha asubuhi, na kumwomba mhudumu akuletee baada ya chakula cha usiku ni kumwambia kwamba hukushiba. Kahawa ni espreso, nayo huja baada ya kitamu. Bili haiji mpaka uiombe, kwa maana kuileta mapema ni kumfukuza mgeni. Wengine bado huiandika kwa kalamu kwenye karatasi ya meza, mbele yako, wakitaja kila kitu kwa sauti. Bahashishi si lazima. Watu huacha sarafu chache wakiridhika. Mkoa wa Lazio, ambao Roma ni makao yake makuu, ulipiga marufuku ada ya kukalia meza kwa sheria ya mwaka 2006, lakini mkate unaweza kulipishwa, hivyo usishangae kuuona kwenye hesabu.

Tambi za Roma ni nne, na zinahusiana kama ndugu wa tumbo moja. Ya kwanza ni ya jibini ya kondoo na pilipili manga, chakula cha wachungaji waliohama na mifugo kati ya milima na nyanda, kwani jibini kavu na pilipili havikuharibika njiani. Ongeza shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, unapata gricha. Gricha ukiitia nyanya inakuwa amatrichana, na ukiitia yai badala ya nyanya inakuwa karbonara. Karbonara, ambayo dunia nzima huidhania kuwa ya kale, haionekani katika maandishi ila baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Amatrichana imepewa jina la mji wa Amatrice, ulioko milimani kaskazini mashariki mwa Roma. Watu wa Amatrice walishuka mjini kwa vizazi vingi kufanya kazi ya kuendesha vilabu na mikahawa, na sahani yao ikashuka nao.

Usiku wa tarehe 24 Agosti 2016 tetemeko liliubomoa mji huo. Karibu watu 300 walikufa katika eneo zima, wengi wao Amatrice kwenyewe, na zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya tamasha la kila mwaka la tambi zao. Ndani ya saa chache mikahawa ya Italia ilianza kutenga euro mbili kwa kila sahani ya amatrichana: moja kutoka kwa mteja, moja kutoka kwa mwenye mkahawa. Wiki zile watu waliagiza sahani hiyo hata kama hawakuwa na hamu nayo. Ndivyo mji wenye mila ya meza unavyotoa rambirambi.

Msomaji Mwislamu atakuwa amekwisha kuuliza: je, nguruwe? Jibu la kweli ni kwamba yumo sana. Shavu lake limo katika tambi tatu kati ya nne, na hata mkia wa ng'ombe mara nyingi huanza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Tambi za jibini na pilipili hazina nyama, ingawa jibini yenyewe hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo, na anayeshika sana dini atataka kujua hilo. Usione haya kuuliza. Mwenye tratoria hupenda kuulizwa juu ya chakula chake kuliko kusifiwa.

Yupo pia jirani wa kale sana ambaye naye hali nguruwe. Wayahudi wamekaa Roma kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na mwaka 1555 Papa Paul IV aliwafungia katika kipande kidogo cha ardhi kando ya mto, chenye kuta na malango yaliyokomewa usiku. Walikaa humo kwa zaidi ya karne tatu, wakizuiwa kazi nyingi na kuachiwa biashara ya nguo kuukuu, na katika umaskini huo wakabuni mapishi ambayo leo Mroma yeyote huyaita ya kwake. Maarufu zaidi ni atichoki, tumba la ua lenye magamba manene, linalozamishwa zima katika mafuta ya moto mara mbili hadi likafunguka na magamba yake yakawa makavu ya kuvunjika mdomoni. Msimu wake ni kutoka mwisho wa baridi hadi majira ya kuchipua. Ukilikuta kwenye ubao mwezi Agosti, ujue limetoka mbali au limetoka kwenye jokofu, na umfikirie vizuri mwenye kukuuzia. Mtaa huo wa Wayahudi bado una mikahawa inayofuata sheria zao za chakula, mingi ikiwa kwenye barabara ya Portico d'Ottavia.

Nani hupika siku hizi? Ukichungulia jikoni katika tratoria nyingi za Roma utamkuta Mbangladeshi, Mmisri, Mtunisia au Mfilipino. Mwaka 2008 wachapishaji wa Gambero Rosso, ambao neno lao juu ya chakula huko Italia lina uzito, walitafuta karbonara bora ya Roma. Iliyoshika nafasi ya kwanza ilitoka mkahawa wa Roscioli, na mpishi wake alikuwa Nabil Hadj Hassen, aliyefika kutoka Tunisia akiwa na miaka 17 na kuosha vyombo kwa mwaka mmoja na nusu kabla ya kupika tambi zake za kwanza. Wapo waliojiuliza kama hiyo bado ni karbonara ya Kiroma. Mimi sioni pa kuuliza. Jiko hili lilianzishwa na watu waliokuja mjini kutafuta kazi na wakapewa masalio. Wachungaji walishuka kutoka milimani, wachuna ngozi wakahamia kutoka vijijini, na Wayahudi walitoka ng'ambo ya bahari. Kijana anayeosha sahani leo akichungulia sufuria yuko katika mstari uleule.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumelionja jambo hili kwa njia zetu. Malindi imekuwa na Waitalia tangu miaka ya 1960, ulipoanza mradi wao wa kurusha roketi wa San Marco baharini karibu na Ngomeni, na kuna wapishi wenyeji huko wanaozungumza Kiitaliano na kukanda unga wa tambi kwa ustadi. Kaskazini zaidi, Barawa, mji wa Somalia ambao wenyeji wake wana lahaja yao ya Kiswahili, ulikuwa chini ya utawala wa Italia, na tambi zikaingia katika vyakula vya kila siku vya Somalia. Ziliingia kwa ukoloni, na hilo si jambo la kupaka asali. Ila watu walizichukua wakazitia bizari na kuzila na ndizi, wakazifanya zao.

Hatari inayoikabili tratoria haitoki kwa mpishi mgeni. Inatoka kwa kodi ya pango na kwa haraka. Mwaka 1986 McDonald's ilipofungua mkahawa karibu na ngazi za Piazza di Spagna, watu waliandamana, na kutokana na vuguvugu hilo Carlo Petrini wa mji wa Bra na wenzake walianzisha harakati ya Slow Food, ambayo nembo yake ni konokono. Walipigania wakulima wadogo, mbegu za kienyeji na meza isiyo na haraka, na walifanya mengi ya kushukuriwa. Leo adui ni mgumu zaidi kuonekana. Nyumba za katikati ya jiji zinageuzwa kuwa vyumba vya kupangishia watalii kwa usiku mmojammoja, wenyeji wanahamia pembezoni, na tratoria iliyopoteza jirani zake inabaki na ishara tupu: vitambaa vya mirabaraba, picha za babu wa kununua, mtu mlangoni akikuvuta mkono, na orodha yenye picha za chakula kwa lugha sita. Hapo nyoki zipo kila siku. Kapuchino huletwa usiku bila neno. Kila unachotaka utapewa, kwa sababu hakuna anayetarajia kukuona tena.

Hukumu yangu ni kwamba mkahawa wa namna hiyo, hata chakula chake kikiwa kizuri, umekwisha kuiacha mila. Mwenyeji anayekuambia leo hakuna amekuheshimu zaidi, kwa kuwa amekuchukulia kuwa mtu anayeweza kuingia katika utaratibu wa nyumba yake.

Kwa hiyo ukijaliwa kufika Roma, toka penye umati, uende Testaccio au Garbatella, mahali ambapo bado nguo zinaanikwa madirishani. Piga simu asubuhi kuweka nafasi, sema mko wangapi, na mfike saa mliyoitaja. Salimu unapoingia. Soma ubao, kisha muulize mwenye nyumba kilichopikwa leo, ule hicho. Usiombe kiongezwe wala kipunguzwe kitu ila kwa sababu ya dini au afya. Ukimaliza omba bili mwenyewe, ulipe, na umshukuru mpishi, kwa jina lake kama umelijua. Lipia mlo wako kwa watu wanaoishi mtaa huo, kwa maana ni wateja wa namna hiyo, wenyeji na wageni, wanaoamua kama tratoria ile itakuwa wazi mwaka ujao.